Hakukosa, Alichagua: Maneno ya Baba Siku ya Kumuaga Binti Yake Mwalimu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu na walimu wote mliofika, mchungaji wetu na katekista wetu, wazee wangu wa sungusungu, mama zangu wa kikoba mliovaa sare, wakwe, mashemeji, majirani, na ninyi watoto mliojaa pale chini ya mwembe: Mwadila! Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zangu Waislamu, asalamu alaikum.

Mshereheshaji amenipa dakika 10. Naomba anivumilie zikizidi, maana mambo ninayotaka kuyasema nimeyakusanya kwa miaka mingi.

Barua mliyosomewa kabla sijasimama ni ya ukurasa mmoja. Inasema binti yangu ameajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi, amepangiwa kituo cha kazi kisiwani Ukara, Wilaya ya Ukerewe, na anatakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Basi. Ukurasa huo tumeungoja miaka 7.

Tangu asubuhi mmenipa mkono, mmenikumbatia, mmeleta kuku, mchele, vitenge na mbuzi wawili. Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Ila kuna pongezi moja nimeisikia zaidi ya mara tatu leo, na najua walioitoa wananipenda: "Hongera mzee, afadhali amepata hata ualimu." Hilo neno "hata" limenikaa kifuani. Ndugu zangu, mwanangu hakuja kuokota ualimu baada ya kukosa vingine. Vingine vilikuwepo, vilikuja mpaka hapa uwanjani, akavikataa. Naomba niwasimulie ili tukitoka hapa tusilirudie neno hilo mbele yake, wala mbele ya mwalimu yeyote.

Nianzie kwa mama yangu, ambaye wengi wenu mlikuja kumzika hapa mwaka 2021.

Mama alikua bila kuiona shule. Kwa watu wa rika lake hilo lilikuwa jambo la kawaida; mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu wa nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Kanda yetu ya Ziwa ndiko kulikojaribiwa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Kitabu cha kisomo kilianzia pale mtu alipo. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi, mfugaji kwa ng'ombe, na watu wa upande wa Bukoba kwa migomba yao. Kisha kampeni ikasambaa nchi nzima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo wa taifa. Mama aliufanya mtihani huo. Mimi nilikuwa na miaka 6.

Namkumbuka jioni zile. Anarudi shambani, anatwanga, anapika, anatulisha, kisha anajifunga mdogo wangu mgongoni, anachukua daftari na kwenda. Darasa lilikuwa ndani ya ghala la pamba, karabai moja imetundikwa katikati. Siku nyingine alinichukua. Nilimwona mama yangu, ambaye alipiga jembe kama mwanamume, akitetemeka kwa kushika penseli. Aliibana kwa vidole vyote vitano hadi ncha ikavunjika, akaomba wembe, akachonga, akaanza upya.

Msimu mmoja tukapeleka pamba kwenye ununuzi. Karani akapima, akaandika, akampa mama risiti. Kawaida mama alikuwa akiipokea, akiikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Siku hiyo aliishika mbele ya macho akaitazama muda mrefu, mpaka watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Kisha akasema taratibu, kama anayeomba maji ya kunywa, "Mwanangu, mizani ilisimama kwenye 47. Hapa umeandika 41." Karani akamtazama. Akaichukua ile risiti, akaandika nyingine, hakusema neno. Hela ya zile kilo 6 ilikwisha wiki ile ile kwa chumvi na mafuta ya taa. Lakini ile njia ya kurudi nyumbani haijaniisha. Mama yuko mbele, hasemi kitu, anatembea haraka kuliko siku zote, na mimi nakimbia nyuma yake nipate kumwona usoni.

Mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza mwaka 1977. Ndio mwaka ambao Azimio la Musoma la 1974 lilitaka uwe umefika kila mtoto akiwa shuleni. Watoto tulifurika, walimu hawakuwepo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba. Wakawa wanafundisha sehemu ya siku, na saa zilizobaki wanajifunza ualimu kwa mkufunzi aliyezunguka shule hadi shule, kwa masomo ya posta na kwa redio. Wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wako waliolitamka jina hilo kwa kubinua midomo.

Mwalimu wangu alikuwa wa UPE. Kijana mdogo kabisa, suruali moja ya kaki aliyoifua kila Jumamosi. Jioni tulimwona amekaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyopangishwa, redio pembeni, anaandika huku anasikiliza. Hakuwahi kunichapa, na zama hizo fimbo ilikuwa kitu cha kawaida kama chaki. Alinishika mkono wangu ndani ya mkono wake, tukaandika "a" pamoja. Niliishia darasa la saba, lakini risiti zangu za pamba nazisoma mwenyewe, na meseji za binti yangu nilizijibu mwenyewe, sikumtafuta mtu wa kunisaidia. Huyo ndiye mwalimu waliyembinulia midomo.

Kwa hiyo ninapoisikia dharau juu ya ualimu, siisikii kwa mara ya kwanza. Na huwa najiuliza imetoka wapi katika nchi hii kuliko nchi zote. Rais wetu wa kwanza aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Urais aliuacha mwaka 1985. Mwaka 1999 tulipomzika Butiama, jina tulilomlilia ni Mwalimu.

Sasa nije kwa mwenye siku yake.

Alizaliwa mwaka 1998, nikampa jina la mama yangu. Ndiyo maana mnanisikia nikimwita mama, au mayu nikiwa na furaha. Walipendana yeye na bibi yake kupita kiasi. Walikula sahani moja mpaka mtoto yuko sekondari.

Akiwa darasa la saba, mdogo wake alikuwa darasa la nne. Na huyu mdogo alikuwa anasoma vizuri, au ndivyo tulivyoamini sisi wazazi. Ukimpa kitabu anakusomea ukurasa mzima bila kukwama. Jioni moja dada yake akakitazama kile kitabu: kilikuwa kimegeuzwa, miguu juu. Mtoto alikuwa amekariri yote kwa kuwasikiliza wenzake. Miaka minne shuleni, hajui hata silabi moja, na hakuna aliyemgundua. Simlaumu mtu. Darasa lilikuwa limejaa hadi watoto wamekaa madirishani.

Dada akachukua kipande cha mkaa akaandika kwenye ukuta wa jiko: ma, me, mi, mo, mu. Mama yake alifoka, kwa sababu ukuta ule alikuwa ameupaka udongo mweupe wiki hiyo hiyo. Mimi nikasema tuwaache. Kila jioni ugali ukiwa motoni, silabi tano. Asubuhi mtoto anazipitia akiwa anakunywa uji. Ukuta ukajaa, wakahamia mlangoni. Mlango ukajaa, wakaingia chumbani kwa bibi, na bibi naye akawa anasoma pamoja nao kwa sauti, anasema anajikumbusha. Hakumcheka mdogo wake hata siku moja, wala hakutuambia sisi kwamba mtoto alikuwa amekwama. Tulikuja kuambiwa baada ya mtoto kujua kusoma.

Yule kijana aliyewasomea barua ya ajira leo, kwa sauti, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote hawa, ndiye huyo mdogo wake. Simama wakuone, baba. Ahsante. Mpigieni makofi na yeye.

Mwaka 2015 binti yangu akamaliza kidato cha nne kwenye shule ya kata. Akiwa nyumbani anangoja matokeo, walikuja wageni. Waliopo hapa wanaowafahamu naomba wakae kimya, ni watu wema na hawakunikosea. Walikuja kuposa kwa adabu, kama desturi yetu inavyotaka, na walitaja ng'ombe 25. Ndugu zangu Wasukuma, hamhitaji kuelezwa ng'ombe 25 ni nini kwa mtu mwenye maksai wawili na jembe la kukokota lenye kutu. Nitasema ukweli mbele ya Mungu na mbele ya mtoto wangu: usiku ule sikulala. Nilihesabu. Nilizizungushia boma kabisa kichwani.

Alfajiri nikamkuta mama yangu ameketi nje kwenye kigoda. Kwenye mapaja ameweka cheti chake cha kisomo, kile alichokihifadhi miaka yote ndani ya mfuko wa nailoni chini ya nguo. Sikuwa nimemwambia chochote. Akasema, "Ng'ombe nilizaliwa nikawakuta. Kusoma nilikutafuta mwenyewe, usiku, mtoto mgongoni." Akaingia ndani. Wale wageni waliporudi kuchukua jibu niliwachinjia jogoo, nikawashukuru, na nikawaambia binti bado anasoma.

Matokeo yakatoka: daraja la pili. Akachaguliwa kidato cha tano. Nyumba ilijaa shangwe, na washauri wakaja kila mmoja na lake. Asome uhasibu. Asome uuguzi, hospitali hazifungwi. Mjomba wake alikuwa tayari kumsomesha mjini. Yeye akasikiliza wote, kisha akatuomba mimi na mama yake tukae naye jikoni, pale penye ule ukuta. Akasema anataka kwenda chuo cha ualimu, ngazi ya cheti, afundishe watoto wadogo. Nikamwuliza kwa nini asiende kidato cha tano na sita, aje afundishe sekondari, kama ni ualimu anautaka. Akasema, "Baba, aliyefika sekondari anajua kusoma, ana wa kumsaidia. Wanaopotea wanapotelea la kwanza, na hakuna anayewaona." Akagusa ukuta kwa kidole.

Hapo ndipo alipochagua. Nataka neno hilo likae sawa masikioni mwenu.

Niliuza wale maksai wawili. Mama yake akatoa fungu lake la kikoba, na mama zangu mliovaa sare mnajua kwamba halikutosha na mkaongeza. Msimu uliofuata tulilima kwa jembe la mkono, ekari moja badala ya tatu. Tuliweza.

Septemba 2016 nikampeleka Chuo cha Ualimu Murutunguru, Ukerewe. Tranka kichwani, godoro la inchi tatu begani, na mfuko wa michembe, yaani vipande vya viazi vitamu, ambavyo bibi yake alivikausha mwenyewe juu ya jiwe. Tukalala Mwanza kwa ndugu, tukapanda meli ya Nansio. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa majini muda mrefu kiasi kile, zaidi ya saa tatu, nchi kavu inapotea nyuma. Nilishika chuma cha pembeni njia nzima. Yeye alikuwa amesimama mbele kabisa na upepo unamvurugia kilemba, anawauliza wanawake wa Kikerewe majina ya visiwa.

Nikamwacha pale chuoni. Kurudi niliona njia ndefu.

Alipokwenda BTP, maana yake mafunzo kwa vitendo, alipangiwa shule iliyo karibu na mwalo wa wavuvi. Wiki ya kwanza alinipigia simu amekata tamaa: siku nyingine darasa limejaa, siku nyingine nusu hawapo, haoni sababu. Si mvua, si gulio. Akaanza kuchora jedwali nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo. Wiki ya nne akanipigia tena, sauti imebadilika. "Baba, ni mwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, na watoto wanarudi shuleni. Giza likirudi, watoto wako ufukweni alfajiri wanaanika dagaa. Kwa hiyo akapanga kazi yake kwa mwezi: mambo mapya na magumu aliyafundisha wakati wa mbalamwezi, na usiku wa giza ukifika alirudia na kuimarisha, ili asiyekuwepo asiachwe nyuma.

Nilipoielewa habari hiyo niliweka simu chini nikamwambia mama yake: huyu ni mwalimu tayari, cheti kitamkuta.

Cheti kilimkuta mwaka 2018. Ajira haikumkuta.

Miaka hii 7 sitaieleza yote. Kila nafasi zilipotangazwa alipanda basi hadi Ngudu, akakaa steshenari kutwa nzima akiomba kwenye mfumo, mtandao unakatika, anarudi usiku, na majina yakitoka lake halimo. Wapo wenzake waliokwenda kuuza simu, waliofungua genge, waliokwenda kufanya kazi za ndani mijini. Siwasemi vibaya, mtu ni lazima ale. Naye alipata kazi ya duka Mwanza, mshahara mzuri kuliko alichokuwa anapata hapa, kwa sababu hapa alikuwa anapata karibu na sifuri. Alifanya miezi miwili akarudi. Akaenda kwa Mwalimu Mkuu wetu huyu, akaomba kujitolea, akakabidhiwa darasa la kwanza. Watoto 118. Chumba kimoja.

Sisi wazazi tulikubaliana kuchanga shilingi 1,000 kila kaya kwa mwezi. Tulichanga. Halafu msimu wa 2019 mnaukumbuka: pamba tulipeleka, tukapimiwa, malipo yakachelewa miezi. Hakuna kaya iliyokuwa na shilingi. Watu wakamletea mtama, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), kuni, na wengine hawakuleta kitu wakawa wanampita njiani wameangalia chini. Aliendelea kuingia darasani kila siku. Niliwahi kumwuliza kama hachoki kufundisha bure. Akaniambia si bure, Baba, wiki hii wanne wameanza kusoma.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hiki nilikiona kwa macho yangu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, nikaenda siku moja kutengeneza madawati, nikawa napigilia misumari nje ya dirisha lake. Alikuwa na mtoto mmoja, sitamtaja, yuko hapa leo na amekua. Mtoto huyo alikuwa na miezi mitatu hajafungua mdomo darasani. Nyumbani kwao Kiswahili hakisemwi, ni Kisukuma tupu, na shule ilikuwa kwake kama nchi ya wageni. Mwalimu akabandika mchoro wa mbuzi ubaoni. Akauliza, "Nani huyu?" Na yule mtoto, sijui nini kilimpata siku hiyo, akaropoka: "Mbuli!" Darasa zima likacheka. Mtoto akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati.

Mimi nyundo ikasimama hewani.

Mwalimu hakuwakemea waliocheka. Akasema, "Ndiyo! Ni mbuli." Akageuka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: mbuli. Chini yake akaandika: mbuzi. Akachora duara mwanzoni mwa maneno yote mawili. "Hapa pameandikwaje?" Kimya. Akamsogelea yule mtoto, akachuchumaa wawe sawa kwa kimo. "Wewe umeshalisema. Anza tena, polepole." Mtoto akasema, "Mbu..." Akasimama. Mwalimu akamwonyesha duara la pili. Mtoto akatazama. Akatazama tena. "Mbu!" Akaona ni ile ile. Kisukuma cha bibi yake na Kiswahili cha shuleni vimeanza kwa mlango mmoja! Akarudia mara sijui ngapi, mbu, mbu, anaruka kwenye dawati, na darasa zima likawa linaitika naye.

Nilimaliza dawati moja tu siku hiyo. Nilikaa pale chini ya dirisha.

Mwaka huu, 2025, akaitwa kwenye usaili. Akaenda na nguo za kuazima kwa rafiki yake na viatu vya mama yake. Mengine mmesikia kwenye barua.

Mayu, simama sasa. Nina maneno yako machache, na mengine tutayasema ndani.

Mama yako amelia tangu asubuhi, na baadhi ya wageni wamedhani ni furaha peke yake. Septemba 2018, miezi michache baada ya wewe kumaliza chuo, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Wewe ulikuwa nyumbani salama, lakini maji yale ulikuwa umeishi karibu nayo, na walikuwemo watu wa huko ulikojifunzia. Mama yako aliposikia umepangiwa Ukara, alikwenda shambani peke yake akakaa huko mpaka jua linazama. Aliporudi alisema maneno mawili: "Aende tu." Najua kivuko kingine kimeletwa. Hata hivyo, mwanangu, chombo kikijaa, ngoja kingine. Mkuu wako atakusamehe kuchelewa. Ukifika tupigie, hata kama ni usiku wa manane. Mtandao ukikataa, panda penye mwinuko.

Nimewasikia Wakara wakisifiwa kwamba ni wakulima hodari. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na tangu enzi za mababu wanafungia ng'ombe ndani na kurutubisha mashamba kwa samadi. Waheshimu. Usiende kama mtu aliyetoka kwenye mwanga kwenda gizani. Waombe wakufundishe, nawe likizo uje unionyeshe, ekari yangu imechoka. Na jambo la kwanza wiki ya kwanza, uliza watoto Kikara mbuzi anaitwaje.

Mshahara wako wa kwanza, usimpe mtu kadi yako ya benki aishike. Hiyo mikopo ya kausha damu imewamaliza walimu ninaowajua, watu wazima wenye watoto, wanafundisha mwezi mzima na mwisho wa mwezi hela inakwenda kwa aliyeshika kadi. Sisi hapa usituwazie. Tulilima ekari moja tukashiba. Sasa tunalima mbili. Kama kuna cha kutuma, mtumie kwanza mjomba wako nauli aliyokukopesha ya usaili.

Fimbo, nakuomba, iache ilipo. Umefundisha 118 bila hiyo.

Utachoka. Kuna siku utaingia darasani umeamka na homa, chaki zimekwisha, na mtoto wa mwisho kule nyuma amekishika kitabu miguu juu na hakuna anayemwona. Wewe utamwona. Hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo, kwa sababu ulianza kuona hivyo ukiwa na miaka 13, na mkaa mkononi.

Zawadi yangu ni hii hapa. Vijana, isogezeni. Ni tranka lako lile lile la Murutunguru. Nimelipeleka kwa fundi akalinyoosha pale lilipobonyea na kulipaka rangi ya buluu. Kufuli ni jipya. Ndani kuna michembe, mama yako ndiye aliyeikausha safari hii, juu ya jiwe lile lile. Kuna maboksi sita ya chaki, nyeupe manne na za rangi mawili. Kuna vizibo vya soda 500 vya kuhesabia, wamekuokotea watoto wako wa darasa la kwanza, wale pale chini ya mwembe, na wamevihesabu wenyewe, kwa hiyo kikipungua usinilaumu mimi. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna cheti cha kisomo cha bibi yako. Kimechakaa kwenye mikunjo, usikifungue kwenye upepo. Jina lililoandikwa pale ni lako.

Ndugu zangu, basi la kwenda Mwanza linapita barabarani saa 11 alfajiri, na mwalimu anahitaji kulala. Mama zangu wamenipungia mkono kwamba chakula kiko tayari. Mzee wa kanisa atatuombea, halafu watoto wanawe mikono kwanza, wamengoja muda mrefu.